Mjomba, fundi anataka 1KZ, shemeji anataka petroli, mke wangu anataka amani

Mjomba Spana shikamoo,

Naomba niende moja kwa moja kwenye shida maana hapa nilipo akili haijatulia. Nina HiAce ya 1994, ile ya paa refu, imetengenezwa iwe gari ya kulala. Nyuma kuna kitanda, chini ya kitanda droo, kuna jiko la gesi, friji ndogo ya volti 12, tenki la maji la lita 80 na betri ya ziada. Tuliinunua hivyohivyo kwa mzee mmoja na mkewe ambao walikuwa wamechoka kusafiri, na sisi tumezunguka nayo miaka sita sasa. Mke wangu anaiita Bibi. Injini ni 2L ya dizeli, haina turbo, gia za mkono tano, na dashibodi inasoma kilomita 380,000.

Mbio Bibi haijawahi kuwa nazo, tunajua, kwenye mlima malori yanatupita na madereva wake wanatupungia mkono. Sasa safari ya mwisho tulikuwa tunapanda mlima mmoja mrefu, gia ya tatu, baadaye ya pili, nikaona mshale wa joto unapanda. Nikakumbuka ule ushauri wa kufungua hita ili itoe joto, nikafungua ya mbele na ya nyuma zote. Haikuchukua muda mshale ukashuka wenyewe mpaka chini kabisa, nikamwambia mke wangu umeona, imepoa. Tukaenda kama kilomita mbili hivi. Ghafla nikasikia mlio kama mtu anatikisa kokoto kwenye kopo, nguvu ikakata, injini ikazima yenyewe na mvuke ukaanza kutoka chini ya siti, na unajua HiAce abiria wa mbele amekalia injini, mke wangu alishuka kabla gari haijasimama vizuri.

Tukakaa pale masaa mawili, nikajaza maji, ikawaka, ila moshi mweupe mzito nyuma na ukifungua rejeta unaona mapovu yanapanda kama sufuria jikoni. Fundi alikuja kutuvuta, akachungulia, akasema hedi, yaani kichwa cha injini, imeenda, injini imekwisha, usipoteze hela hapo. Hakufungua hata nati moja.

Tangu siku hiyo kila mtu ni mtaalamu. Fundi anasema nifunge 1KZ-TE, lita 3.0 ya turbo, eti Bibi itapanda milima kama imefukuzwa. Shemeji yangu anasema dizeli zimepitwa na wakati, niweke petroli 2RZ, haina kelele. Mke wangu anasema gari haikununuliwa ikimbie, irudishiwe ileile iliyokuwepo au iuzwe, yeye kelele za watu wazima watatu kila jioni zimemchosha. Mimi nimesoma kuhusu 3L na 5L, dizeli nyingine za Toyota, na sasa hivi sijui chochote kuliko nilivyokuwa sijui mwanzo.

Hiyo 1KZ nimeshaenda kuiona. Imewekwa juu ya tairi, imeoshwa inang'aa, muuzaji anasema imetembea kilomita 60,000 tu na haijawahi kuguswa. Anataka advansi Ijumaa kwa sababu kuna mteja mwingine anaitolea macho.

Halafu kuna kitu kingine hakihusiani ila nakitaja ili fundi afanye vyote kwa pamoja. Tenki la maji nadhani linavuja, maana kwa miezi kama minne godoro upande wa kulia linalowana kwa chini, ubao wake umeanza kuvimba na kuna harufu tamutamu. Nimebadilisha mpira wa tenki mara mbili na bado. Rejeta nayo nilikuwa naiongeza maji ya bomba, kama nusu lita kila wiki, nikajua ni uzee.

Swali: nichukue injini ipi, gia boksi langu litaiweza, na je nitoe hiyo advansi?

Dereva wa Bibi

*

Marahaba mpwa,

Advansi usitoe. Ijumaa itapita na Jumamosi itafika, na huyo mteja mwingine mimi namfahamu, nimemsikia kwa kila muuzaji wa injini tangu nianze kushika spana na sijawahi kumwona sura.

Sasa turudi kwenye godoro. Umeandika barua nzima ya injini halafu kile kilichoiua injini ukakiweka mwishoni ukasema hakihusiani! Maji safi ya tenki hayanuki utamu mpwa wangu. Kinachonuka utamu ni kulanti, yale maji maalum ya kupozea injini. HiAce nyingi za aina yako zina hita ya pili huko nyuma, na ili maji ya moto yafike kule kuna mabomba mawili yanatoka kwenye injini yanapita chini ya sakafu, yanakula matope na chumvi miaka thelathini, yanaoza. Yakishaoza au hita yenyewe ikitoboka inavuja kidogokidogo, pale pale chini ya kitanda ambapo hakuna mtu anaangalia. Ile nusu lita uliyokuwa unaongeza mbele kila wiki ndiyo iliyokuwa inalowanisha godoro nyuma. Mwanzo ilikuwa kulanti ndio maana ya harufu, na wewe ukawa unaongeza maji matupu, kwa hiyo hadi siku ya mlima humo ndani yalikuwa yamebaki maji ya kutu.

Na siku ya mlima ulifanya jambo ambalo kwa kawaida ni sahihi, kufungua hita, ila ukafungua na ya nyuma, yaani ukalipelekea maji bomba lililotoboka. Halafu mshale ukashuka ukafurahi. Ule mshale unapima kile kinachoigusa sensa yake. Maji yakiisha sensa inabaki kwenye hewa, hewa haiipashi moto kama maji, mshale unaanguka huku chuma chenyewe kinaungua. Mshale ukishuka ghafla mlimani wakati hujapunguza mwendo, hapo zima gari hapohapo, usisubiri kona. Sikulaumu, nimewaona mafundi wakubwa wakidanganywa na huo mshale, mimi nikiwa mmoja wao, ila yangu ilikuwa gari ya mteja na hadithi yake ni ndefu tuiache.

Kwa nini nimeanza na hili badala ya kukujibu 3L au 1KZ? Kwa sababu ukifunga injini yoyote ile leo, hata ikitoka kwenye boksi na karatasi zake, ukaiunganisha na mabomba hayo hayo yaliyooza, itakufa mlima uleule. Kabla hujachagua injini fundi aje na pampu ya kupima presha ya mfumo wa maji, ile inayofungwa mdomoni mwa rejeta. Najua injini yako hedi ina shida na yenyewe itavujisha presha, basi atenganishe mabomba ya hita ya nyuma ayapime peke yake. Wewe chukua kitambaa cheupe, pangusa maungio yote chini ya gari na kwenye hita chini ya kitanda, ukiona wekundu au kijani chenye utelezi umeshampata mwizi. Usionje, kulanti ni tamu lakini ni sumu, na kama kuna mtoto au mbwa analala kwenye hilo godoro litoe leo.

Haya, injini.

Swali la kwanza ambalo fundi wako amelikimbia: 2L yako imekufa kweli? Ilizima yenyewe kwa joto, ikapoa, ikawaka. Mapovu kwenye rejeta maana yake moshi wa ndani ya silinda umepata njia ya kuingia kwenye maji, kwa hiyo ni gasketi inayoziba kati ya hedi na bloku imeungua au hedi imepasuka, na ufa wa hedi hupenda kujificha katikati ya vali mbili hauuoni mpaka uisafishe. Hivyo vyote viko juu. Chini, yaani bloku, pistoni, ringi, kranki, hakuna aliyepima. Inawezekana chini ni pazima na inawezekana ringi zimelegea kwa joto, na hapo ukibadilisha hedi peke yake utakuwa na gari inayowaka vizuri na kunywa oili kama imelaaniwa. Kumwambia mtu injini imekwisha bila kufungua nati ni kama kuandika cheti cha kifo kwa simu.

Mwambie apime kompresheni, yaani presha inayojengeka ndani ya silinda. Anatoa plagi za kupasha moto, anafunga geji kwenye matundu yake, anapiga stata silinda moja baada ya nyingine. Kwa hizi injini za familia ya L, 2L yako ikiwemo, iliyo nzima inatoa karibu kilo 32 kwa sentimita mraba, chini ya 20 imechoka, na tofauti kati ya silinda moja na nyingine isizidi 5. Kama geji yake inasoma psi hiyo ni kama 455, 284 na 71. Silinda mbili za jirani zikiwa chini zote na zingine ziko vizuri, mara nyingi gasketi imeungua katikati yao. Baada ya hapo hedi itolewe tu, haina jinsi, aweke rula ya chuma juu yake aone kama imepinda, apitishe kucha juu ya silinda, na hapa nasema kucha kweli, ile kingo ambayo ringi hazifiki, kucha ikigota kwenye ngazi basi silinda imelika. Silinda ya 2L inatakiwa iwe milimita 92. Akikuta chini kuzuri, hedi mpya na kazi safi inakurudisha barabarani kwa gharama ndogo kuliko injini nzima, na namba ya injini inabaki ileile ya kwenye kadi ya gari.

Kwa 380,000 na ile kokoto uliyoisikia, mimi moyo wangu unaniambia chini napo pameguswa. Lakini moyo wangu sio geji. Apime.

Tuseme amepima na imekufa. Hapo ndio tunaongea kuchagua, na hapa mimi nasema 3L, nitakueleza kwa nini, na nitakueleza na yale ambayo haitakufanyia ili usinitukane baadaye.

2L, 3L na 5L ni ndugu wa tumbo moja. 2L ni cc 2,446, pistoni ya milimita 92 na mwendo wa 92. 3L wameipanua ikawa 96 kwa 96, cc 2,779. 5L wakaongeza tundu tena likawa 99.5, mwendo ukabaki 96, cc 2,986. Umbo la nje linafanana, gia boksi lako linakaa, propela inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma haiguswi, klachi unafunga mpya kwa sababu ukishashusha injini kuacha klachi ya zamani ni ubahili wa kijinga. Pampu ya dizeli ni ya kawaida, haina kompyuta, fundi yeyote aliyewahi kugusa pikapu ya dizeli anaijua. Kwa gari ya kulala hilo kwangu ni kubwa kuliko nguvu za farasi, kwa sababu gari ya kulala haiharibiki karibu na gereji yako, inaharibika kule ulikoenda kutafuta utulivu. Waya mmoja wa kuzimia, waya wa plagi, waya za geji, basi, unaweza kuifuata kwa macho.

Nguvu yake ya kuvuta ni karibu Nm 190 ukilinganisha na kama 165 ya 2L. Utaisikia kwenye mlima, pale ulipokuwa unarudi gia ya pili utakaa na ya tatu muda mrefu kidogo. Malori? Baadhi bado yatakupita. Mkeo yuko sahihi kwamba gari haikununuliwa ikimbie na nadhani huyo ndiye mwenye akili kwenye hicho kikao chenu cha jioni.

5L nayo nisingeikataa, ikija nzima na yenye pampu ya kawaida ichukue hata kabla ya 3L. Ila angalia herufi. Toyota hawaandiki herufi kwa mapambo, E mwishoni maana yake mafuta yanasimamiwa kwa umeme, T ni turbo. Kwa hiyo 5L na 5L-E sio kitu kimoja, na muuzaji akikwambia ni ileile muulize kontroloboksi, ile kompyuta ya injini, iko wapi, mwangalie macho.

Ukinunua, kuna mtego mmoja ambao watu wengi wanaingia. 3L iliyotoka kwenye pikapu na iliyotoka kwenye HiAce ni injini moja lakini nguo tofauti. Sampu ya oili, mrija wa kuvutia oili, mikono ya mauntingi, manifoldi, hata dipstiki vinaweza kutofautiana kwa sababu injini ya van inakaa chini ya siti na ya pikapu inakaa kwenye boneti. Kwa hiyo 2L yako ya zamani usiiuze chuma chakavu siku inayoshushwa! Iache pembeni mpaka mpya imewaka na umetembea nayo, maana utahamisha vitu kutoka kwake vingi tu, na nimeona mtu amemuuzia mnunua vyuma asubuhi halafu mchana anamkimbiza kwa pikipiki kutafuta sampu.

Sasa 1KZ-TE ya fundi. Sio injini mbaya, nisieleweke vibaya, ni cc 2,982, turbo, inavuta zaidi ya Nm 280, na kuna HiAce zilitoka nayo kiwandani. Angalia kibati cha chesisi utaona, za familia ya L zinaanza LH, za petroli ya RZ zinaanza RZH, za 1KZ zinaanza KZH. Lakini hao wa KZH kiwandani walipewa kila kitu cha kufanana nayo. Ukiitaka kwenye LH huchukui injini, unachukua injini na gia boksi lake, propela inakatwa au inabadilishwa, wayaringi nzima na kontroloboksi na sensa zake zote, rejeta kubwa, mabomba ya turbo, egzosi, halafu breki nazo uziangalie upya kwa sababu sasa unashuka mlima kwa kasi ambayo Bibi hajawahi kuizoea. Gia boksi lako la sasa kulibebesha zile Nm zote na gari imejaa, mimi nisingethubutu. Na 1KZ nayo haipendi kabisa kuchemka, hedi yake inapasuka vizuri tu, na wewe unatoka kuchemsha gari wiki chache zilizopita na mabomba bado hayajapimwa.

Njia pekee ambayo ningekuunga mkono kwenye 1KZ ni ukipata KZH nzima iliyogongwa nyuma, inawaka, uisikie ikiwaka, uichukue yote na uhamishe kila kitu mpaka skrubu za waya. Hiyo iliyokaa juu ya tairi bila waya bila gia boksi ni nusu ya kitu. Fundi anajua, ila ile nusu nyingine ndio kazi ya miezi miwili kwake.

Halafu hiyo "kilomita 60,000". Injini haina kilomita mpwa. Kilomita ziko kwenye dashibodi, na dashibodi imebaki kwenye gari ambayo wewe hujaiona. Injini iliyooshwa ikang'aa nayo inanitia wasiwasi kuliko chafu, chafu inakuonyesha inavujia wapi. Kwa injini yoyote ya mtumba utakayokwenda kuiona, ya 3L au nyingine, fika ikiwa baridi, weka mkono juu ya bloku, ikiwa na uvuguvugu kuna mtu ameipasha kabla hujaja ili iwake kirahisi. Iwashwe mbele yako. Ikiwa inaunguruma polepole fungua kifuniko cha oili ukigeuze ukilaze pale pale mdomoni bila kukifunga, kikicheza kidogo sawa, kikirushwa na moshi ukatoka kama bomba basi ringi zimeondoka, shukuru na uondoke. Chini ya kifuniko ukiona ute kama krimu maji yameingia kwenye oili. Fungua nyumba ya thamostati, ile vali inayofungulia maji ya rejeta injini ikipata moto, uchungulie njia za maji, kutu nyekundu ya unga maana yake imeishi kwa maji matupu, kama yako. Pima kompresheni, namba nimekupa juu. Na sugua pale namba ya injini ilipopigwa uione haijachokonolewa, kwa sababu nchi nyingi ukibadilisha injini lazima usajili namba mpya na ukubwa mpya, na bima nao waambiwe, siku ya ajali hawa ndio watu wa kwanza kusoma namba.

Petroli ya shemeji nitaimaliza haraka. 2RZ ni cc 2,438, inatumia cheni badala ya belti, tulivu, sio injini ya kulaumiwa. Lakini gari yako ni dizeli kuanzia tenki, kwa hiyo tenki lisafishwe au libadilishwe, mabomba, chujio, pampu, waya, egzosi, na mwisho wa siku nguvu yake iko kwenye mzunguko wa juu wakati wewe unabeba kitanda na maji mlimani, unakanyaga mpaka chini na mafuta yanaenda. Halafu mvuke wa petroli na jiko la gesi kwenye chumba unacholala, kiwandani wanajua kuvitenganisha ila kazi ya mtaani mimi siiamini. Mwambie shemeji nimemsikia na namheshimu.

Sasa ukishaamua 3L na injini iko chini, hapo ndio wakati wa kutumia hela, maana kwenye HiAce kufika kwenye kitu chochote ni kunyanyua siti na kuchubuka vidole. Taimingi belti mpya na tenshena yake, usiulize imetembea kiasi gani, hizi L zote zina belti na belti ikikatika vali zinakutana na pistoni. Pampu ya maji, thamostati, sili ya nyuma ya kranki, mauntingi, mipira yote ya maji hata ile inayoonekana mizima. Feni yako ina kile kichwa cha mafuta katikati, ikiwa injini ni ya moto na imezimwa uizungushe kwa mkono, ikizunguka kwa ulaini kama gurudumu la baiskeli imekufa na hiyo peke yake inaweza kuchemsha gari mlimani. Rejeta itolewe ikasafishwe kwa mtu anayeijua kazi, na kama matundu yameziba nunua mpya, hapo usibane.

Hita ya nyuma kama huitumii kuna njia rahisi, unaikata kabisa kwenye mzunguko pale mbele karibu na injini kwa kuunganisha bomba la kwenda na la kurudi. Mabomba yaliyooza yanabaki chini kama mapambo. Kama baridi inakusumbua usiku badilisha mabomba yote mawili, usitie kiraka, kiraka ndio mwanzo wa barua nyingine.

Kujaza kulanti nayo ina ufundi wake kwenye hizi gari kwa sababu mabomba ni marefu na hewa inajificha. Egesha pua ikiangalia juu ya mteremko, fungua hita zote zilizobaki, jaza taratibu, washa, acha thamostati ifunguke, ongeza, minya mipira kwa mkono usikie kama kuna mabwawa ya hewa. Mafundi wengi wanajaza dakika tano wanafunga, kesho yake gari inachemka wanasema gasketi. Na tafadhali iwe kulanti iliyochanganywa na maji safi yaliyochujwa, tumeshaona maji ya bomba yalivyokufanyia.

Kitu kidogo cha mwisho upande huo, fungisha kengele ya kiwango cha maji, ile yenye sensa inayopiga kelele maji yakipungua, sio joto likipanda. Ingekuwepo siku ile ungeisikia kabla hata hujaanza mlima.

Na pimisha uzito wa gari ikiwa imejaa kama mnavyosafiri, kwenye mizani ya malori. Lita 80 za maji ni kilo 80, mtu mzima mmoja mnene amekaa nyuma haongei. Jaza tenki mkifika, sio mkitoka. Mlimani rudi gia mapema, usisubiri injini iombe, ikizunguka kwa wepesi pampu ya maji na feni navyo vinazunguka, ikilemewa kwenye gia kubwa inajipika yenyewe.

Kwa hiyo wiki hii kazi yako ni mbili tu, presha ya mabomba na kompresheni, vyote siku moja. Fundi akikataa kupima kabla ya kuuza, tafuta mwingine, na huyo wa sasa mwambie kwa upole tu maana utamhitaji siku ya kuvutwa. Godoro litoe ukalianike, ubao ulioingia kulanti uutupe hauponi. Na hilo bomba la nyuma ukilikuta zima nitafute, nimeweka dau na kijana wangu wa gereji kwamba ni la kulia, karibu na gurudumu.

Mjomba Spana